Sura ya Saba: Tundu la Milimita Sita

Nikon wana lenzi mbili za milimita 20, zote zikifunguka hadi f/1.8. Ya kwanza ilitoka mwaka 2014 kwa ajili ya kamera zao zenye kioo ndani. Ina gramu 355 na urefu wa sentimita 8 na nukta kidogo. Ya pili ilitoka mwaka 2020 kwa ajili ya kamera zao mpya zisizo na kioo. Hiyo ina gramu 505, na urefu wake unakaribia sentimita 11. Mtu aliyeuza mitambo yake ya zamani ili apunguze mzigo begani, akiziweka lenzi hizi mbili mezani, ana haki ya kuuliza: kioo wamekitoa, sasa hizi gramu 150 zimetoka wapi?

Wauza kamera wametuimbia kwa zaidi ya miaka kumi kwamba kuondoa kioo kunapunguza kamera na kunapunguza lenzi. La kamera ni kweli tupu. La lenzi ni kweli yenye masharti, na masharti hayo yanaonekana wazi kuliko kwingine kwenye lenzi ambayo inatakiwa iwe na sifa nne kwa mpigo: iwe pana, iwe ndogo, isizumu, na ivute mwanga mwingi. Sifa hizo nne hazipendani. Ukiibembeleza moja, nyingine inanuna.

Tuanze na kioo chenyewe. Katika kamera ya kitaalamu ya zamani, mwanga ukishapita kwenye lenzi hukutana na kioo kilichoinamishwa digrii 45, nacho huupeleka juu kwenye kitundu cha kutazamia, ili mpiga picha aone kilekile kinachoonwa na lenzi. Ukibonyeza, kioo kinaruka, shata inafunguka, filamu au sensa inapata zamu yake, kisha kioo kinarudi mahali pake. Mlio ule wa "klak" tuliouzoea ukumbini kwenye harusi sehemu kubwa ni wa kioo hicho. Ili kiruke, lazima kiwe na nafasi. Kwenye kamera za Nikon za aina ya F, kutoka pete ya kufungia lenzi hadi kwenye filamu ni milimita 46.5. Kwenye Canon za EF ni milimita 44.

Sasa chukua lenzi ya milimita 20. Kwa lugha nyepesi, hizo milimita ndizo umbali ambao lenzi inahitaji kuwa nao kutoka kwenye filamu ili mlima ulio mbali uonekane mkali. Ikitengenezwa kwa njia ya mkato, lenzi hiyo ingekaa palepale kioo kinapopita. Mmoja wao angevunjika.

Njia ya kukwepa ilianzia kwenye sinema. Kamera za Technicolor za miaka ya 1930 zilikuwa na prizimu nene nyuma ya lenzi, kwa kuwa mwanga uligawanywa na kupelekwa kwenye filamu tatu, na mafundi wa Kiingereza wa Taylor-Hobson walilazimika kubuni lenzi pana ambayo ingeweza kukaa mbali na filamu. Walichofanya ni kutanguliza vipande vinavyotawanya miale na kuweka nyuma vinavyoikusanya. Miale iliyotawanywa kwanza huhitaji safari ndefu zaidi kabla ya kukutana, na safari hiyo ndiyo nafasi waliyokuwa wanaitafuta. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux akaipeleka mbinu hiyo kwenye kamera za picha mnato kwa lenzi yake ya milimita 35, f/2.5, aliyoiita Retrofocus. Kuanzia hapo karibu kila lenzi pana ya kamera yenye kioo imekuwa mjukuu wa lenzi ile.

Wajukuu hao wana deni. Vipande vya mbele vinakuwa vikubwa, idadi inaongezeka, mistari iliyonyooka inaanza kubinuka, na kila kasoro inayorekebishwa inadai kipande kingine cha kuirekebisha. Kuna waliokataa kabisa kulilipa deni hilo. Muda mfupi baada ya Nikon F kuingia sokoni mwaka 1959, ilipata lenzi ya milimita 21, f/4, ambayo haikujali kama kuna kioo. Sehemu yake ya nyuma ilizama ndani ya mwili wa kamera. Kabla ya kuifunga ilibidi ukinyanyue kioo na kukizuia hukohuko juu, kisha uchomeke kitazamio kingine juu ya kamera, kwa sababu kile cha ndani kilikuwa hakioni kitu. Kwa maneno mengine, ulinunua kamera ya kioo, ukakifungia kioo, ukaitumia kama kamera isiyo nacho. Watu walikubali usumbufu huo kwa sababu ya ubora wa picha, na hilo lilikuwa kama dokezo la yaliyokuwa yanakuja.

Kabla ya kuyafikia hayo, acha nichepuke kidogo Berlin mwaka 1900, kwa kampuni ya Goerz. Lenzi yao iliyoitwa Hypergon iliona pembe ya zaidi ya digrii 130, na ilikuwa vipande viwili tu vyembamba vilivyoelekeana. Tatizo ni kwamba katikati ya picha paling'aa mno na pembeni pakawa giza. Dawa yao? Nyota ndogo ya bati yenye meno, iliyowekwa mbele ya lenzi na kuzungushwa kwa pumzi kutoka kwenye mpira wa kubinya kwa mkono. Ilizunguka ikifunika katikati kwa sehemu kubwa ya muda wa kupiga, halafu ikaangushwa pembeni ili katikati nako kupate mwanga kidogo. Sijawahi kusoma suluhisho la kifundi linalonifurahisha kuliko hilo.

Na tatizo lile halikuondoka na Goerz. Mwanga unaofika pembeni mwa picha kupitia lenzi ya kawaida hupungua kadiri pembe inavyoongezeka, na hupungua haraka: kwa lenzi inayoona digrii 84 kutoka kona hadi kona, hesabu ya kitabuni inasema kona hupata takriban asilimia 30 tu ya mwanga unaopatikana katikati. Mbunifu ana namna za kuipunguza adhabu hiyo, lakini zote zinakula nafasi na uzito.

Agosti 2008, Olympus na Panasonic walitangaza mfumo wa Micro Four Thirds, na kabla ya mwaka kwisha kamera ya Panasonic G1 ilikuwa madukani. Kioo kilikuwa kimeondoka. Badala ya kutazama kupitia lenzi kwa msaada wa kioo, unatazama skrini ndogo inayoonyesha kile ambacho sensa inakiona. Umbali kutoka pete ya lenzi hadi sensa ulishuka hadi kama milimita 19, nusu ya ule wa mfumo wao wa awali. Sony walipokuja mwaka 2010 wakaweka 18. Nikon, walipoleta mfumo wao wa Z mwaka 2018, wakateremka hadi 16. Ingetosha, basi, kuchukua ramani za lenzi zile zilizokuwa zinazama ndani ya kamera na kuzitengeneza upya. Wengi walidhani hivyo.

Kilichowazuia wabunifu ni sensa. Filamu haikujali sana mwale umeingia kwa pembe gani, ukifika, umefika. Sensa ina adabu zake. Kila pikseli imewekewa kilenzi kidogo mno cha kuukusanya mwanga, na mbele ya zote kuna tabaka la kioo la kuchuja. Mwale unaokuja wima unaingia vizuri. Unaokuja kwa kulala, kama inavyotokea kwenye kona pale lenzi inapokaa karibu mno na sensa, unapinda kwenye tabaka lile, unaikosa pikseli yake na kuingia kwa jirani. Matokeo yake ni kona zenye giza na rangi isiyo yake. Leica walipotoa M8 mwaka 2006 ilibidi vilenzi vya pikseli za pembeni visogezwe kuelekea katikati ili vikutane na miale iliyolala. Na wapenzi wa vitu vya kale waliozifunga lenzi pana za zamani kwenye Sony A7 ya mwaka 2013 waliona kuta nyeupe zikiwa za zambarau pembeni.

Kwa hiyo lenzi pana za kamera zisizo na kioo zimebaki na damu ya Angénieux. Bado zinanyoosha miale kabla haijafika kwenye sensa. Uhuru ulioletwa na kuondoka kwa kioo ni kwamba sasa unaweza kuweka kipande kikubwa karibu kabisa na sensa, na mbunifu anaamua mwenyewe uhuru huo autumie kwa nini. Nikon waliutumia kusafisha picha hadi kona ya mwisho lenzi ikiwa wazi kabisa, na gramu 505 ndiyo risiti yake. Hawakudanganya mtu. Walichagua.

Kuna waliochagua kinyume, na hapo ndipo lenzi ninayotaka kuizungumzia kwa kirefu inapoingia. Juni 2011 Olympus walitangaza M.Zuiko ya milimita 12, f/2. Mwili wake ni wa chuma, uzito ni gramu 130, urefu milimita 43, na kichujio chake ni cha milimita 46. Ndani mna vipande 11 katika makundi manane. Kwenye kamera yake inaona digrii 84, sawa na milimita 24 kwenye kamera ya fremu nzima. Bei ilikuwa takriban dola 800, na kofia yake ya chuma ya kuzuia jua iliuzwa kando, jambo ambalo hadi leo naliona ni uchoyo.

Udogo wake una sababu mbili. Ya kwanza ni ya hesabu ya darasa la saba. Ile f/2 maana yake ni kwamba tundu la kupitishia mwanga lina upana wa nusu ya urefu wa fokasi. Nusu ya 12 ni 6. Tundu la milimita sita: punje ya mbaazi. Lenzi ya fremu nzima inayoona upana uleule kwa f/2 ingehitaji tundu la milimita 12, na kila kipande kinachotangulia au kufuata tundu hilo kingekua nalo. Sensa ya Micro Four Thirds ina milimita 17.3 kwa 13, karibu robo ya eneo la fremu nzima. Ukipunguza uwanja, timu inapungua.

Sababu ya pili haionekani kwa macho, kwa kuwa imo kwenye programu. Ndani ya lenzi kuna chipu iliyobeba maelezo ya jinsi lenzi hiyo inavyobinua mistari. Kamera huyasoma na kuinyoosha picha kabla hujaiona, na hata ukihifadhi faili ghafi, programu nyingi za kuhariri huyasoma maelezo hayohayo na kunyoosha bila kukuuliza. Ukiifungua faili hiyo kwa programu isiyojali maelezo hayo, utaona ukuta wa matofali umetuna kwa nje. Mbunifu alijua. Aliiacha kasoro moja ambayo kompyuta inaiweza, akatumia vipande vyake 11 kupambana na zile ambazo kompyuta haiziwezi.

Kuna watu wanaoliona hili kama ulaghai, nami niliwahi kukaa kikao kirefu cha kahawa na mmoja wao. Hoja yake ina uzito: picha ikinyooshwa, pikseli za kona huvutwa, na ukali kidogo hupotea. Fujifilm, kwa lenzi yao ya milimita 14, f/2.8, iliyotangazwa mwaka 2012, walinyoosha mistari kwa kioo chenyewe bila kuitegemea programu, na wanastahili pongezi. Lakini lenzi hiyo ina gramu 235, na inapitisha nusu ya mwanga wa f/2. Mimi sioni usaliti wowote. Jicho la mwanadamu nalo lina lenzi ya hovyo pembeni, na ubongo ndio unaotengeneza mambo.

Sasa tufanye hesabu ya kweli, maana matangazo hayaifanyi. Mwenye kamera ya fremu nzima akifunga lenzi ya milimita 24 na kuiweka kwenye f/4, kisha akapandisha ISO mara nne, atapata picha ileile: upana uleule, ukungu uleule nyuma ya mtu, na chengachenga zinazokaribiana sana. Tundu lake litakuwa nalo la milimita sita. Kwa hiyo asikuambie mtu kwamba f/2 ya sensa ndogo inazalisha mandhari ya nyuma yaliyoyeyuka kama f/2 ya sensa kubwa. Haizalishi. Mwenye kuitaka picha ya bibi harusi ambaye nyuma yake taa zote zimegeuka duara laini, atafute lenzi nyingine na kamera nyingine, na begi jingine.

Faida yake iko kwingine, na itaonekana vizuri zaidi tukiingia kwenye kichochoro. Simama Mji Mkongwe, Zanzibar, mgongo ukiwa ukutani, mbele yako mlango wa nakshi upande wa pili wa njia yenye upana wa mita mbili. Geuza kamera iwe wima. Lenzi ya milimita 12 kwenye sensa hiyo itakupa urefu wa takriban mita 2.9 kwa umbali huo, kwa hiyo unapata mlango, fremu yake, na ile taji ya juu yenye maandishi au maua. Lenzi ya kawaida ya milimita 25 ingekupa kama mita 1.4: kitasa, misumari ya shaba, na nusu ya mnyororo wa nakshi. Hakuna nafasi ya kurudi nyuma, kwa sababu nyuma kuna ukuta wa watu. Ila ishike kamera sawasawa. Ukiiinua kidogo tu kutafuta taji, miimo ya mlango inaanza kuegemeana juu, na mlango wa msaji kwenye ukuta wa matumbawe unaonekana unaanguka chali.

Lenzi ndefu inakuruhusu usimame mbali. Pana inakuburura hadi karibu. Kwa umbali wa mita moja lenzi hii inaona upana wa mita 1.4 hivi. Hiyo ni mita moja kutoka kwa fundi cherehani: uso wake, mikono, sindano, kitenge kinachoteleza mezani, na mteja aliyekaa kwenye benchi akisubiri. Kwa mita moja unasikia pumzi ya mtu. Huwezi kuiba picha hiyo. Lazima mtu akukubali, na kukubalika kunaanza na kamera isiyomtisha. Seremala mmoja, mzee wa heshima zake, baada ya kuitikia shikamoo yangu aliitazama kamera yangu yenye lenzi ndogo, akauliza, "Na kamera yenyewe, mwanangu, umeiacha wapi?" Akaendelea na randa yake. Picha za siku ile zilikuwa nzuri kwa sababu hakuna aliyekaa mkao wa picha.

Lenzi hii ina jambo jingine lililotengenezwa kwa ajili ya kazi ya namna hiyo. Ukivuta pete yake ya fokasi kuelekea kwako, inateleza nyuma kwa mlio mdogo na chini yake kunatokea namba za umbali, kama lenzi za zamani. Fokasi ya yenyewe inazimika hapohapo. Weka tundu kwenye f/5.6, weka pete kwenye mita 1.7 hivi, na kwa kipimo cha kawaida cha sensa hizi kila kitu kuanzia kama sentimita 85 hadi upeo wa macho kinakuwa kikali vya kutosha. Hapo hakuna tena kusubiri kamera itafute. Mtoto akipita mbio na tairi, unabonyeza. Lenzi ikiwa wazi kabisa kwenye f/2, umbali huo wa kufunga fokasi unasogea hadi karibu mita 4.8, na kilicho karibu zaidi ya mita 2.4 kinaanza kulegea. Ni vizuri kuvikariri vipimo hivi viwili, kwa kuwa gizani hutaziona namba za pete.

Lakini pana ina hila ambayo wapiga picha wa harusi huijua kwa gharama ya ugomvi. Kitu cha duara kikikaa pembeni mwa picha ya lenzi pana huvutwa kuelekea nje. Si kasoro ya kutengeneza. Ni bei ya kutaka mistari iliyonyooka ibaki imenyooka kwenye karatasi bapa. Kwenye ukingo wa kushoto au kulia wa picha ya lenzi hii, kichwa cha mtu kinatanuka kwa karibu robo. Kwenye kona kabisa ni zaidi ya theluthi. Kwa hiyo unapopanga ukoo mzima sebuleni na ukuta umekukaba, usimweke shangazi mwishoni mwa mstari. Weka mtungi wa maua, weka mlango, weka kijana mwembamba asiye na makuu. Shangazi aje katikati, karibu na bibi harusi, na kila mtu arudi nyuma hatua moja ili nyuso zipungue tofauti ya ukubwa. Uso uliosogelewa mno unakuwa na pua kubwa na masikio yanayokimbia, na hilo halihusiani na lenzi; linaletwa na umbali. Lenzi pana inakushawishi tu usogee.

Mwanga nao una hesabu yake. Lenzi ya zumu inayokuja na kamera kwa kawaida hufunguka f/3.5 kwenye upana wake wa mwisho. Kutoka hapo hadi f/2 ni mwanga mara tatu. Ukumbi wa taarabu ambao ungekulazimisha ISO 3200 sasa unakudai kama 1000, na kwenye sensa ndogo tofauti ya namba hizo mbili ni tofauti ya ngozi ya mtu na mchanga. Tena upana unakusaidia kushika: mtikisiko wa mkono hauonekani sana pale kila kitu kinapokuwa kidogo kwenye fremu, hivyo hata sehemu ya 30 ya sekunde inawezekana kwa mtu aliyetulia. Kwa anayecheza chakacha, sahau. Huyo anataka angalau sehemu ya 125, na hapo tundu ndilo linalokuokoa. Wanaopiga nyota wana matumizi ya tatu. Kwa upana huu shata inaweza kukaa wazi kama sekunde 20 kabla mzunguko wa dunia haujazigeuza nyota kuwa vijistari. Watakachokilalamikia ni kona, ambako lenzi nyingi ndogo zikiwa wazi kabisa huzifanya nyota ziote mabawa.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha bei ya kila hatua ya mwanga kuliko maelezo yangu yote. Fujifilm walianza mwaka 2012 na lenzi ya milimita 18, f/2, yenye vipande vinane na gramu 116. Mwaka 2021 wakatoa nyingine ya milimita 18, f/1.4. Vipande 15. Gramu 370. Mwanga umeongezeka mara mbili, uzito mara tatu na zaidi, na ukiziweka kwenye vipimo, ile mpya inaishinda ya zamani kila kona. Hata hivyo ile ndogo haijakosa wapenzi, hasa wale ambao kamera yao inaingia kwenye mfuko wa koti na kutoka mara ishirini kwa siku. Mwaka 2015 DJI walipotoa kamera ya Zenmuse X5 ya kubebwa na droni, lenzi waliyoifungia ilikuwa ya milimita 15, f/1.7, gramu 115. Angani kila gramu inakula betri, na hakuna aliyewauliza kwa nini hawakuchagua kubwa.

Sanaa yenyewe inasonga. Mwaka 2022 Panasonic walitoa lenzi ya milimita 9, f/1.7, yenye nembo ya Leica, inayoona pana zaidi ya ile ya Olympus na kuvuta mwanga zaidi kidogo, na uzito wake ni gramu 130 zilezile. Inafokasi hadi sentimita 9.5. Imekingwa dhidi ya vumbi na matone, ambayo ile ya milimita 12 haikukingwa. Mwili wake ni wa plastiki, na wapo watakaosikitika. Kwa mwenye kuanza leo na anayejua kwamba anataka pana kabisa, ningemwelekeza huko bila kusita. Milimita 9 hata hivyo ni pana ya kutawala, na mtu asiyezoea atarudi nyumbani na picha zilizojaa lami na mawingu. Milimita 12 inasamehe zaidi.

Ile ya 2011 sasa hupatikana mkononi, kwa bei ya chini sana ya ile dola 800. Ukikutana nayo, ivute pete nyuma na mbele mara kadhaa usikilize kama inakamata sawasawa. Ifunge kwenye kamera, weka f/2, piga ukuta wa matofali ukiwa umesimama mkabala nao, kisha linganisha kona nne. Kona moja ikiwa laini kuliko tatu zilizobaki, lenzi imeanguka siku moja na kipande kimehama. Halafu itoe, ifungue kifuniko cha nyuma, imulike kwa tochi ya simu kwa pembe.

Hapo ndipo watu wa pwani tunapaswa kuwa na macho makali. Unyevu wa hewa yetu ni chakula cha kuvu, na kuvu ya lenzi huonekana kama nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni. Tuliyoihifadhi kabatini Mombasa, Tanga au Unguja bila mfuko wa vidonge vya kukausha unyevu, iko kwenye hatari hiyo hata kama haijawahi kutoka nje ya nyumba. Begi la ngozi lililofungwa ndilo baya kuliko yote. Chumvi ya upepo wa bahari nayo hujipaka kwenye kioo cha mbele, na ukiifuta kavu unaisaga, kwa hiyo pulizia kwanza, lowesha kitambaa laini, ndipo ufute. Sanduku la plastiki lenye mpira mdomoni na vidonge vinavyobadilishwa kila vinapobadilika rangi linatosha. Nyuzi zikiwa kwenye kipande cha mbele au cha mwisho, fundi anaweza kuvifikia na kusafisha. Zikiwa katikati, ambako vipande vingi vimejibanza kuzunguka lile tundu dogo, gharama ya kuifungua hukaribia bei ya lenzi nyingine, kwa hiyo mrudishie muuzaji na umwambie ulichokiona.